Wanafunzi wa Mwalimu Mmoja

Kwa miaka mingi wenyeji wa Busia na Malaba walijua wakimbizi hutoka upande mmoja tu, upande wa machweo. Enzi za Idi Amin walivuka walimu, makarani, wauguzi na wanafunzi wa Makerere, wengine na mkoba mmoja, wengine mikono mitupu, na upande wa Kenya wakapata kazi za kufundisha katika shule zetu za sekondari. Baada ya Amin wakaja waliomkimbia aliyemfuata, kisha waliomkimbia aliyemfuata huyo. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka 1970 alikua akiamini kwamba askari wa kuogopwa ni yule wa ng'ambo, na kwamba wa kwetu ni wa gwaride la Sikukuu ya Jamhuri.

Mwaka 2008 njia iligeuka. Januari, baada ya uchaguzi kuharibika, maelfu ya Wakenya walivuka Malaba na Busia kwenda Uganda, wakalala katika majengo ya shule, kisha wakapelekwa Mulanda karibu na Tororo, na baadaye Kiryandongo. Hao walikuwa wakiwakimbia majirani zao. Lakini kuanzia Machi wakavuka wengine, huko juu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wanaume hasa, na hao hawakuwa wakimkimbia jirani. Walikuwa wakilikimbia Jeshi la Kenya.

Jeshi hilo halikuwa genge lililookotwa njiani. Halikuwahi kushika serikali, maofisa wake walikuwa wamesoma Uingereza na Marekani, askari wake walikuwa wamelinda amani katika nchi za watu na kurudi na nishani. Tena walikuwa wamefundishwa, kwa fedha za walipa kodi wa nchi nyingine, kwamba mtu aliyekamatwa hapigwi, kwamba raia si adui, na kwamba amri ya kutesa haitiiwi. Ninataka kufuatilia somo hilo lilivyofika hapa, nani alilileta, na lilikwama wapi. Safari ni ndefu, na sehemu kubwa yake inapita katika barabara hii hii ya Malaba kwenda Tororo na Jinja.

Majeshi ya Kenya na Uganda yamezaliwa na mama mmoja. Mwaka 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya eneo hili vikawa King's African Rifles, ambayo babu zetu waliiita Keya. Batalioni ya nne ilikuwa ya Uganda, na miaka yake ya mwisho makao yake yalikuwa Jinja. Ya tatu na ya tano zilikuwa za Kenya. Neno "afande", ambalo leo polisi wa trafiki wa Bumala huitwa hata na mtoto wa chekechea, limetoka humo. Ni "effendi" ya Waturuki iliyoletwa na askari wa Kisudani ambao Waingereza walianza nao Uganda. Kiswahili cha kambini kilikuwa Kiswahili cha amri, kifupi, chenye kwata nyingi na maelezo machache. Na adhabu ya askari aliyekosa, kwa miaka mingi, ilikuwa kiboko. Tusisahau jambo hilo. Aliyefundishwa nidhamu kwa kuchapwa hujifunza mambo mawili kwa pamoja, nidhamu na kuchapa.

Somo la kwanza la haki ninalolijua katika historia ya jeshi hili lilitolewa kwa karatasi. Juni 1953, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, Jenerali George Erskine alifika Kenya kushika uongozi wa majeshi, na kabla mwezi haujaisha akatoa waraka kwa maofisa wote kwamba hatavumilia watu kupigwa na kuteswa na askari wake. Ulikuwa waraka mkali. Mwaka huo huo kapteni mmoja wa batalioni ya tano, Gerald Griffiths, alishtakiwa kwa kuua wafungwa, akaachiliwa Novemba. Kesi ilipoibua kwamba kombania za Keya zilikuwa zikiweka hesabu ya waliouawa kama alama za mpira, na kwamba askari waliahidiwa shilingi kwa kila maiti, London ilishtuka. Griffiths akashtakiwa upya kwa mateso mwaka 1954, safari hii akafungwa. Ofisa mmoja. Kambi za kizuizini zikaendelea kujaa, na yaliyotendeka humo Serikali ya Uingereza ilikuja kuyasema hadharani miaka sitini baadaye tu, Juni 2013, ilipokubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Kijana mmoja wa batalioni ya nne alikuwa Kenya katika vita hivyo. Alikuwa bondia, mrefu, mtiifu kwa wakubwa, na Waingereza walimpenda sana. Jina lake Idi Amin Dada. Mwaka 1961 yeye na Shaban Opolot walifanywa maofisa, Waganda wa kwanza kupata cheo hicho.

Mapema mwaka 1962 batalioni hiyo ilitumwa Turkana kuzuia wizi wa mifugo. Vijana wa Amin walipoondoka, maiti za Waturkana zilifukuliwa kutoka makaburi ya juu juu, na uchunguzi ukaonyesha walikuwa wamepigwa na kuteswa kabla ya kufa. Naibu Gavana wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alitaka Amin ashtakiwe kwa mauaji. Gavana wa Uganda, Walter Coutts, alilitazama jambo hilo kwa jicho la siasa. Uhuru wa Uganda ulikuwa umebaki miezi, maofisa Waafrika walikuwa wawili tu, na kumfikisha mmoja wao kizimbani kungeleta fitina. Akamwuliza Waziri Mkuu, Milton Obote. Obote alishauri akemewe vikali, basi. Amin akakemewa.

Wanahistoria wa Uganda hulirudia tukio hili kama utangulizi wa yale yaliyokuja 1971. Mimi naliona kwa njia nyingine. Hakuna aliyedai kwamba Amin hakujua kosa lake. Alikuwa amehudumu zaidi ya miaka kumi na mitano chini ya maofisa wa Kiingereza, na kanuni za jeshi alizijua. Sheria ilikuwepo, ushahidi ulikuwepo, mwendesha mashtaka alikuwa tayari. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema aende mahakamani. Badala yake alipelekwa masomoni, kozi ya maofisa Uingereza na miamvuli Israeli. Akarudi na mabawa kifuani.

Uhuru ulipokuja, walimu hawakuondoka. Januari 1964 askari waliasi Tanganyika, Jinja na Lanet ndani ya siku tano, na serikali zote tatu zikawaita Waingereza kuwanyang'anya silaha. Kenya iliwapeleka viongozi wa Lanet mbele ya mahakama ya kijeshi; Uganda iliwapandishia askari mishahara, na Amin akazidi kupanda. Kenya ikatia saini mkataba na Uingereza, askari wa Kiingereza wakafanya mazoezi Nanyuki, maofisa wetu wakaenda Sandhurst. Nchi zote mbili zikajiunga na Mikataba ya Geneva, Uganda mwaka 1964 na Kenya 1966, mikataba inayoidai kila serikali iwafundishe askari wake sheria za vita wakati wa amani na wakati wa vita. Kwa hiyo hata kwa karatasi tu, tangu hapo hapakuwa na askari wa pande hizi mbili aliyestahili kusema hakufundishwa.

Miaka ya Amin sina haja ya kuisimulia kwa kirefu; kila familia ya mpakani inayo hadithi yake. Ndiyo miaka ambayo baiskeli za Busia ziliwabeba watu kutoka boda hadi boda na kuipa dunia neno jipya. Ndiyo miaka ya magendo ya kahawa ya Chepkube, chini ya Mlima Elgon, ambapo watu walitajirika kwa usiku mmoja na wengine wakapigwa risasi wakiwa na gunia begani. Waingereza waliokuwa wameshangilia mapinduzi ya 1971 walikuja kujuta, na Waisraeli wakafukuzwa 1972. Kampala iliangukia mikononi mwa jeshi la Tanzania tarehe 11 Aprili 1979, na wiki chache baadaye Watanzania walikuwa Tororo, hatua chache kutoka kwetu. Askari wa Amin waliokuwa wakitoroka, baadhi yao waliingia Kenya wakiomba hifadhi kwa watu wale wale waliokuwa wakiwanyang'anya bidhaa.

Kisa ambacho karibu kila mtu amekisahau ni cha Jinja ya 1982. Watanzania walikuwa wameondoka, Obote amerudi madarakani, na jeshi lake jipya, UNLA, lilikuwa halijui hata kuwalisha askari wake, sembuse kuwaamuru. Jumuiya ya Madola ikatuma timu ya wakufunzi, Waingereza, Wakanada, Waaustralia na wenzao kutoka Afrika na Karibi. Haikuwa timu ya vita. Kazi yake ilikuwa kulifanya kundi la watu wenye bunduki liwe jeshi lenye nidhamu, ili raia wapumue. Kwa hiyo kama unatafuta chimbuko la msaada wa kijeshi unaolenga haki katika eneo letu, kabla neno hilo halijawa la mtindo, liko hapo, katika kambi ile ile iliyomlea Amin.

Wakufunzi wale walifundisha maofisa wadogo na masajini kwa miaka miwili hivi, kuanzia Machi 1982. Wahitimu walitoka wakiwa wamenyooka, buti zinang'aa, wanajua kusoma ramani. Kisha wakapelekwa Luwero, kilomita mia moja na kidogo kutoka darasani. Huko hapakuwa na mkufunzi. Palikuwa na kamanda asiyelipwa mshahara kwa wakati, na raia aliyehesabiwa kuwa adui kwa sababu tu anaishi mahali walipopita waasi wa Museveni. Agosti 1984 Elliott Abrams, aliyesimamia masuala ya haki za binadamu katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, alisema waliokufa Uganda katika miaka hiyo huenda ni kati ya 100,000 na 200,000. Obote alikanusha. Timu ya Jumuiya ya Madola ilikuwa imekwisha kufunga mizigo.

Sisemi kwamba wakufunzi ndio waliosababisha Luwero. Wasingekuja, huenda hali ingekuwa mbaya zaidi. Hakuna awezaye kulipima hilo. Lakini kozi ya wiki kadhaa iliwekwa ibebe mzigo wa mahakama, wa mhasibu wa mishahara na wa rais, wote kwa pamoja. Mzigo huo hauwezi kubebwa na daftari.

Museveni alipoingia Kampala Januari 1986 jeshi lake lilikuja na sifa tofauti. Lilikuwa na kanuni zake za maadili zilizoandikwa msituni, lilikuwa na elimu ya siasa, na mwanzoni kabisa lilikuwa likiwapiga risasi askari wake waliobaka au kuua. Raia wa kusini walishangaa kumwona askari akilipia ndizi. Lakini kanuni hizo zilivuka reli ya Tororo zikachoka. Tarehe 11 Julai 1989, huko Mukura, nchi ya Wateso, askari waliwakusanya wanaume waliowashuku kuwa waasi, wakawafungia katika behewa la treni. Watu 69 walikosa hewa wakafa. Reli ya Mukura ndiyo inayoshuka Tororo na kuja Malaba, na Wateso wa Mukura ni ndugu wa Wateso wa Malaba, kwa hiyo matanga yaliwekwa pande zote mbili za mpaka. Baadaye palijengwa mnara, na serikali ikaomba radhi. Hilo lisidharauliwe, serikali nyingi hazijafika hata hapo.

Mwaka mmoja baadaye, mbali sana na Mukura, Bunge la Marekani lilipanua mpango wake wa kuwasomesha maofisa wa kigeni. Hadi wakati huo fedha zilikuwa za kufundisha mizinga na ndege. Sasa fungu fulani lilitengwa kwa masomo ya haki za binadamu, mahakama za kijeshi na utii wa jeshi kwa serikali ya raia. Vita baridi vilikuwa vimekwisha, na Wamarekani walikuwa wamechoka kuona picha za wahitimu wao katika kesi za mauaji Amerika ya Kusini. Mwaka 1992 wakaanzisha chuo cha kufundisha sheria hizo huko Newport, Rhode Island, chenye wanasheria wanaosafiri nchi baada ya nchi kutoa semina. Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoingia katika mpango huo.

Kisha ukaja mwaka 1997, mwaka wa kushangaza. Rwanda ilikuwa imeungua dunia ikitazama, na Marekani haikutaka tena kutuma vijana wake. Ikaamua kuwafundisha Waafrika walinde amani wenyewe. Julai 1997 makomandoo wa Kimarekani walianza na nchi mbili, Senegali na Uganda. Somo la kuwalinda raia na kuwaheshimu wafungwa lilikuwamo katika mtaala. Mwaka huo huo Seneta Patrick Leahy wa Vermont alipitisha sheria inayobeba jina lake hadi leo: kikosi cha kigeni chenye ushahidi wa kuaminika wa ukiukaji mkubwa wa haki kisipewe senti ya Marekani, mpaka serikali yake ichukue hatua za kweli dhidi ya wahusika. Mwanzoni ilihusu fedha za kupambana na dawa za kulevya tu, ikapanuliwa miaka iliyofuata hadi mafunzo ya jeshi.

Sheria ya Leahy ni tofauti na semina, na ndiyo sababu maofisa wengi hawaipendi. Semina inampa askari kitu. Leahy inamnyima. Jina la kikosi, au la ofisa anayetaka kwenda kozi, hupitishwa ubalozini na kuchunguzwa. Likipatikana doa, tiketi ya ndege haitoki. Udhaifu wake nao unajulikana. Doa huandikwa tu pale mtu alipoliripoti, na wanaoripoti katika vijiji vyetu si wengi, tena huwa wanajuta.

Uganda ilisoma kwa mwaka mmoja. Agosti 1998 majeshi yake yaliingia Kongo, na mafunzo yale yakasimamishwa. Huko Kongo, mafunzo au bila mafunzo, yalitendeka ambayo Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliyaandika katika hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005: mauaji, mateso, uporaji, watoto kufunzwa vita. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaiamuru Uganda ilipe dola milioni 325. Ni serikali iliyohukumiwa, si kamanda. Askari wale wale, au wadogo zao, walikwenda Somalia kuanzia Machi 2007 wakiwa walinzi wa amani, na wakufunzi wakarudi kwa wingi kuliko zamani.

Upande wetu tulijiona wastaarabu. Kenya ilikuwa nchi ya kufundishia. Karen, Nairobi, paliinuka kituo cha kufundisha ulinzi wa amani ambacho Waingereza, Wamarekani, Wajapani na wengine walikichangia. Embakasi mwaka 2005 pakajengwa kingine cha kufundisha uteguaji wa mabomu ya ardhini kwa msaada wa Uingereza. Maofisa kutoka nusu ya Afrika wamekaa katika madarasa hayo wakijadili mifano: mnafika kijijini, wanaume wote wana umri wa kupigana, hamjui nani mwasi, mtafanya nini? Jibu sahihi linajulikana. Mnawatenganisha kwa utaratibu, mnaandika majina, hampigi, mnamkabidhi mshukiwa kwa polisi, mnamwita daktari.

Machi 2008 mfano huo ulitoka ubaoni ukaja nyumbani. Mlima Elgon ulikuwa unaungua tangu 2006 kwa sababu ya ardhi ya Chepyuk, mradi wa makazi ulioanzishwa 1971, ukagawanywa, ukagawanywa tena, na kila awamu kuacha watu wenye barua lakini wasio na shamba. Awamu ya tatu ndiyo iliyowasha moto. Vijana wa Kisabaot walijiunga katika kundi lililojiita Jeshi la Ulinzi wa Ardhi ya Sabaot, SLDF, chini ya Wycliffe Matakwei. Waliua zaidi ya watu 600. Walikata masikio, walitoza kodi, waliwabaka wanawake, na waliowatesa zaidi walikuwa Wasabaot wenzao. Wakazi waliisihi serikali kwa miaka miwili, na polisi hawakuweza kitu. Kwa hiyo malori ya jeshi yalipopanda Cheptais na Kopsiro wiki ya pili ya Machi, watu walitoka barabarani kupunga mikono. Hilo husahaulika siku hizi.

Operesheni iliitwa Okoa Maisha. Askari walizunguka vijiji alfajiri na kuwakusanya wanaume wote, wazee kwa vijana wa shule. Wakapakiwa katika malori na helikopta hadi kambi ya Kapkota. Hapo walipitishwa mmoja mmoja mbele ya watoa habari, ambao waliwaonyesha kwa ishara nani ni mwanajeshi wa Matakwei na nani siye. Kabla ya hapo na baada ya hapo walipigwa kwa fimbo na nyaya, wakalazwa chini na kukanyagwa. Mamia walifikishwa mahakama ya Bungoma wakiwa na majeraha ambayo hakimu aliweza kuyaona kutoka kitini pake. Wengine hawakufikishwa popote. Wake zao walizunguka kutoka Kapkota hadi gereza la Bungoma, kutoka gereza hadi mochari, na wengi wao hadi leo hawajui kama waitwe wajane.

Matakwei aliuawa tarehe 16 Mei 2008, na SLDF ikaisha. Usalama ulirudi, ukweli huo hakuna anayeupinga mlimani, hata waliopigwa. Lakini wakati huo Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa tayari imesema wazi kwamba jeshi linatesa, shirika la IMLU lilikuwa limetuma madaktari kuwapima watu, na Julai Human Rights Watch ya New York ikatoa ripoti yake. Wanaharakati wa Bungoma waliokusanya majina walitishwa, mmoja wao akalazimika kukimbilia Uganda. Miaka mitatu baadaye Human Rights Watch ilihesabu zaidi ya watu 300 waliotoweka mikononi mwa SLDF na mikononi mwa vyombo vya usalama.

Kikosi kilichotajwa katika ripoti hizo kilikuwa cha miamvuli, batalioni ya 20, fahari ya jeshi letu, na miongoni mwa waliokifundisha walikuwa Waingereza. Hapo magazeti ya London yaliamka. Human Rights Watch iliitaka Uingereza na Marekani zisimamishe msaada kwa vikosi husika mpaka uchunguzi ufanyike. Jeshi lilikana kila kitu. Polisi walijichunguza wakajikuta safi. Novemba mwaka huo Kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso iliitaka Kenya ifanye uchunguzi huru, na Februari 2009 mjumbe maalumu wa Umoja huo, Philip Alston, alikuja, akapanda hadi huku magharibi, akaandika yale yale. Hakuna ofisa hata mmoja wa jeshi aliyefikishwa mahakamani kwa ajili ya Kapkota. Hakupatikana hata Griffiths mmoja wa kuonyesha watu.

Ni rahisi kuwacheka walimu. Mimi nimejizuia, kwa sababu najua maofisa waliotoka katika madarasa yale wakawa watu wa maana, na kwa sababu mtu aliyepigwa Kapkota angependa sana angalau askari mmoja akumbuke alichoandika katika daftari lake. Ila nimegundua kwamba katika miaka yote hiyo arobaini na sita, kutoka Turkana hadi Cheptais, msaada ulimlenga mtu mwenye sare. Yeye ndiye aliyekalishwa darasani, akapewa kadi ndogo ya kanuni akaiweka mfukoni. Coutts na Obote hawakuwahi kupelekwa kozi.

Walionusurika mlimani walitafuta mlango mwingine. Aprili 2010 IMLU ilipeleka shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, ikisema kwamba wakazi zaidi ya 3,000 wa Mlima Elgon waliuawa, waliteswa au walitendewa ukatili kati ya 2006 na 2008, na kwamba Kenya, kwa kutochunguza wala kuadhibu, ilikuwa imevunja Mkataba wa Jumuiya. Wanasheria wa serikali hawakupoteza muda kubishana kama watu walipigwa. Walisema shauri limechelewa. Tarehe 29 Juni 2011 mahakama ya awali iliwakatalia: kutomwadhibu mkosaji, majaji walisema, si jambo la siku moja, kila siku inayopita bila hatua ni kosa linaloendelea.

Kuhusu muda, Mkataba wa awali wa Jumuiya haukuwa na kikomo. Kikomo kiliongezwa katika marekebisho ya Desemba 2006, yaliyopitishwa haraka haraka na wakuu wa nchi baada ya mahakama hiyo kuisimamisha Kenya katika kesi ya wabunge wa Afrika Mashariki iliyofunguliwa na Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake. Miezi miwili, tangu jambo litendeke au mlalamikaji alijue. Wakati marekebisho yanatiwa saini, watu wa Chepyuk walikuwa tayari wanazikana.

Serikali ilikata rufaa. Tarehe 15 Machi 2012, miaka minne na siku chache tangu malori yapande Cheptais, majaji wa rufaa walisoma hukumu yao. Mkataba haujui kosa linaloendelea, walisema. Unajua miezi miwili tu. Aliyekamatwa siku ya kwanza ya Okoa Maisha, miezi yake miwili ilikwisha wiki moja kabla Matakwei hajauawa, na wakati huo huenda alikuwa bado gerezani Bungoma akisubiri kuitwa jina. Shirika lililoleta shauri lilikuwa limewapima majeruhi na kuandika ripoti mwaka 2008. Lilijua.